Chumba Kimoja cha Mama Nabintu

Mwezi uliopita nilirudisha leseni yangu ya kuuza nyumba, na tangu siku hiyo kila ninayekutana naye ananiuliza mtu wa miaka arobaini na nane anastaafu vipi. Nawajibu kwamba goti la kulia ndilo lililostaafu, mimi nimelifuata tu. Kupanda na kushuka ngazi za nyumba za watu kwa miaka kumi na sita kunachosha goti kuliko kulima. Sababu ya pili mnaijua ninyi wenzangu wa ofisini: mimi sikai mahali. Nilizaliwa Mbinga, nikamaliza kidato cha nne Songea, nikauza vipuri vya baiskeli Dar es Salaam, nikalinda ghala Nairobi, kisha bahati nasibu ya viza ikanitupa Dallas. Miaka yote hii ya kuwauzia watu nyumba, mimi mwenyewe nilikuwa mpangaji. Mkiona hilo linachekesha, chekeni. Mke wangu alicheka mpaka akachoka.

Haya nawaandikia ninyi mnaoanza. Sitasema nani aliuza nyingi kuliko nani, maana ubao wa ofisini upo na mnajua kusoma. Nataka kuwaeleza namna kazi ilivyonifundisha, na hasa nyumba moja ndogo iliyonifundisha zaidi ya zile kubwa zote.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa Richardson, kando ya Dallas, juu ya duka la miwani. Aliyenipokea ni Dada Nkatha, Mmeru wa Kenya aliyekuwa muuguzi kabla ya kuingia kwenye biashara ya nyumba. Alinipa vitu vitatu: tochi, tepu ya kupimia na gololi moja ya kioo. Nikadhani gololi ni ya mtoto wake imeingia mkobani kwa bahati mbaya. Akaniambia kwamba udongo wa huku unavimba mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka, na nyumba inaufuata. Weka gololi sakafuni katikati ya chumba. Ikitulia, endelea. Ikiondoka yenyewe kuelekea ukutani, mwambie mteja atafute fundi wa misingi kabla hajatia saini chochote. Nimewahi kuona gololi ikivuka sebule nzima na kuingia jikoni, huku wakala wa muuzaji akitusifia mapazia.

Siku ya kwanza nilimpeleka mteja kuona nyumba, naye alikuwa muuguzi wa Kenya aliyetoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo. Niliongea tangu mlangoni. Nikamweleza dari, nikamweleza vigae, nikamweleza shule ya karibu. Nilipogeuka kumwonyesha kabati, nikamkuta amekaa kwenye ngazi, kichwa ukutani, amelala fofofo. Nilimpigia simu Dada Nkatha nikinong'ona, nikimuuliza nimwamshe au vipi.

"Wacha alale," akasema. "Sasa wewe ndio umenyamaza, nyumba itajiuza. Nyinyi Watanzania maneno yenu ni matamu lakini mteja hajakuja kwa maneno. Amekuja kuangalia kama anaweza kuishi hapo."

Muuguzi aliamka baada ya nusu saa, akanywa maji ya bomba, akasema nyumba ni tulivu na anaitaka. Tangu siku hiyo nilikuwa nafika dakika ishirini kabla ya mteja, nawasha taa zote, nafungua madirisha, navuta maji chooni, kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikochukua miaka mingi zaidi kujifunza.

Baada ya miaka saba nikaona Dallas imenitosha, nikahamia Houston. Huko shida ilikuwa maji, na gololi ikapumzika. Nilijifunza kusogeza jokofu na kumulika ukuta wa nyuma, maana mtu anaweza kupaka rangi nyumba nzima akasahau nyuma ya jokofu, na mstari wa mafuriko ukabaki pale kama mstari wa daftari. Wateja wangu wengi walikuwa Wakongo wa mtaa wa Alief, watu wa Kivu waliopitia kambi za wakimbizi. Wao walikuwa na Kiswahili chao na mimi changu. Mwezi wa kwanza nilikuwa naitikia kwa kichwa tu, nikifika nyumbani ndipo naelewa nilikubali nini.

Huko ndiko nilikokutana na Mama Nabintu.

Aliletwa kwangu na Bahati, mtoto wa dada yake. Mama alikuwa na miaka sitini na moja, mjane, mwenyeji wa upande wa Bukavu, na alifanya kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala kubwa lililo nje ya barabara ya mzunguko. Aliishi Alief kwa Bahati na mkewe Riziki, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, watu saba. Alilala chumba kimoja na wajukuu wanne. Bahati akanieleza kwamba mama ameweka akiba vizuri na sasa wanatafuta nyumba kubwa, vyumba vitatu au vinne, huko kitongoji cha Missouri City, familia yote ipumue.

Tuliona nyumba kumi na moja. Bahati aliongea, na mama alitembea nyuma yetu. Kila alipoingia chumba cha kulala alifunga mlango, akabaki ndani kidogo, kisha akaufungua na kutoka. Hakutazama jiko, na bustani hakuigusa. Nilidhani anakagua vitasa, nikaanza kubeba bisibisi. Baada ya kila nyumba alisema ni nzuri, lakini tuangalie ingine. Bahati akaanza kuniona mimi sijui kazi.

Kisha mama akanipigia simu mwenyewe, wakati wa mapumziko yake ya mchana ghalani. Nilisikia mashine nyuma yake.

"Papa Erasto," akasema, maana mwanangu wa kwanza ni Erasto. "Nyumba ya chumba kimoja iko?"

Nikamwambia zipo, lakini Bahati alisema vinne.

"Feza ni ya nani?"

Nikasema ni yake.

"Basi tafuta kimoja. Bikiwa bibili, batanitilia mutu."

Vikiwa viwili, wangemwekea mtu ndani; hapo ndipo nilipoelewa ile milango aliyokuwa akiifunga. Tangu azaliwe hakuwahi kulala chumba chake peke yake. Utotoni alilala na dada zake, baadaye mume na watoto, baadaye hema la kambi na familia mbili, baadaye Houston na wajukuu. Hata mume wake alipofariki alitaka kulia peke yake, lakini walimlaza katikati ya wanawake kumi, kama ilivyo desturi, na akalia kwa zamu na wenzake. Alinieleza haya kwa sauti ya mtu anayetaja saizi ya kiatu. Akaniomba nisimwambie Bahati mpaka nyumba ipatikane. Mteja alikuwa yeye, kwa hiyo nikanyamaza.

Niliipata ghorofa ya nne kwenye jengo la zamani la ushirika, si mbali na Alief: chumba kimoja, sebule, jiko jembamba, dirisha linalotazama miti. Majengo ya namna hiyo ni machache Texas, na mawakala wengi huyakimbia kwa sababu ya makaratasi. Mimi nilikulia kwenye ushirika wa kahawa, nikaelewa haraka. Hununui nyumba, unanunua hisa za ushirika unaomiliki jengo zima, na hisa ndizo zinakupa haki ya kukaa kwenye mlango fulani. Kwa sababu hiyo wanachama wana haki ya kukutazama kwanza. Unapeleka maombi, unapeleka barua za watu watatu wanaokufahamu, kisha kamati ya jengo inakuita muonane. Wakikataa, mnunuzi anarudi alikotoka.

Sheria moja ya jengo nilimsomea mama mara mbili: nyumba ya chumba kimoja, watu wasiozidi wawili. Akaniomba nisome mara ya tatu. Alikuwa ameipenda ile sheria kuliko dirisha. Kwenye fomu, mahali panapouliza wakaaji ni wangapi, aliniambia niandike moja, akasimama kuhakikisha.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Nilimwambia atafute watu watatu waandike barua kwamba wanamjua na ni mtu mwema. Akasema sawa, na barua zikaja, zote tatu kwa mwandiko wa mchungaji wake. Nikazipeleka, nikaona nimemaliza. Sikumwambia kwamba siku ya kuonana aje peke yake. Nilisahau kwa sababu nimeishi huku muda mrefu mpaka naona jambo hilo linajulikana. Lakini hata kwetu Mbinga mtu haendi kuomba jambo kubwa kama yatima. Anapelekwa na watu wake, wao wanasema, yeye anakaa kimya.

Jumamosi mchana nilifika kwenye chumba cha mikutano cha lile jengo. Kamati ilikuwa ya watu watano, na mwenyekiti alikuwa Bi Lan, mama wa Kivietnam aliyewahi kuwa na duka la kushona. Viti vya wageni vilikuwa viwili, changu na cha mama. Nikasikia magari yanaegeshwa, nikatazama dirishani. Waliteremka watu tisa. Mchungaji alivaa suti ya kijivu, akifuatwa na mashemasi wawili. Kina mama watatu wa kwaya walivaa kitenge kimoja, na katikati yao alikuwa Mama Nabintu mwenyewe, kichwa chini kama bibi harusi. Riziki alikuja nyuma na binti yake mkubwa wa miaka kumi na minne, wamebeba sinia la sambusa lililofunikwa kitambaa.

Nilimkimbilia mama mlangoni nikamuuliza hawa wote wamekuja kufanya nini. Akashangaa kwamba nauliza.

"Barua itajisemea namna gani?" akasema. "Bantu bakuje bo benyewe."

Kwa hiyo walikuja kusimama nyuma ya barua zao. Bahati alikuwa kazini, na yeye na Riziki walishaambiwa kwamba nyumba ni ndogo, lakini hawakuwa wameambiwa kwa nini. Waliletewa viti vya kukunja. Sambusa ziliwekwa mbele ya kamati, na mzee mmoja wa kamati alisogeza kiti chake nyuma, labda akifikiri ni hongo. Nikaeleza ni heshima tu. Bi Lan akachukua moja, akala. Nikapata matumaini.

Mchungaji akasimama. Kiingereza chake kilikuwa kizuri na sauti yake ilizoea ukumbi mkubwa. Alimsifu mama kwa sifa kubwa kuliko zote tunazozijua sisi. Alisema huyu ni mama ambaye mlango wake haujawahi kufungwa. Mgeni akifika Houston bila kitu, anafikia kwake. Nyumba hii, kamati ikikubali, itakuwa nyumba ya kanisa zima, na mama hatakuwa peke yake hata siku moja. Kina mama wa kwaya wakaitikia amina. Yule mzee aliyesogeza kiti akaandika neno kwenye karatasi, akalipigia mstari.

Bi Lan aliuliza kwa upole ni watu wangapi watakaoishi humo. Kabla sijafungua mdomo, Riziki akajibu. Alisema kwa nia njema, nawaapia. Alisema binti zake wawili wakubwa watalala na bibi yao, maana shule iko karibu, na wakati wa likizo na wadogo watakuja.

Bi Lan akatazama fomu iliyosema mtu mmoja, akanitazama mimi. Akasema kwamba kamati inawashukuru wote kwa kuja, lakini inaona maombi na maelezo hayalingani, na pengine chumba kimoja si mahali panapofaa familia hii. Akaanza kufunga faili.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na maneno tayari, kwamba hawa ni wasindikizaji na mila ni tofauti. Lakini wakala akiapa kwamba atakaa mtu mmoja, na mchungaji amesema kanisa zima, nani ataaminiwa? Nikamgeukia mama. Kwa desturi aliyokuja nayo, yeye hakutakiwa kufungua mdomo kabisa. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba wameelewa watu watakaa wengi, na wanakataa.

Mama akasimama, akaniambia, "Sema yote. Usipunguze."

Akawageukia watu wake, si kamati. Aliongea polepole na mimi nikaitafsiria kamati kwa Kiingereza.

"Mchungaji, asante. Umenisifu vizuri sana, na nyumba inanipotea. Miye niko na myaka makumi sita na moja. Sijalalaka mu chumba peke yangu hata siku moja. Nilitafuta hii nyumba kwa sababu ni ya mutu mumoja."

Mchungaji akakaa. Mama akamgeukia Riziki, na hapo nilitaka sana kupunguza.

"Riziki, mutoto wangu. Batoto batakuja kunisalimia, nitabapikia. Kulala, balale kwenu."

Nilitafsiri kama alivyosema. Hata ningepunguza isingesaidia, maana yule binti wa miaka kumi na minne alikuwa anasikia lugha zote mbili, na alikuwa ananikazia macho kuona kama nitathubutu. Kina mama wa kwaya walitazama sakafu. Mbele ya mchungaji na mashemasi, mwanamke mzima alikuwa amesema kwamba hataki ndugu walale kwake. Ninyi mliozaliwa huku huenda hamwoni uzito wake. Nimeona watu wakiuza mashamba ili wasitamke sentensi hiyo.

Bi Lan alimuuliza swali moja tu, kama ana hakika. Mama akasema, kwa Kiingereza chake cha ghalani, ndiyo, mimi peke yangu, mlango wangu. Bi Lan akaandika.

Watu walikunja viti, wakatoka. Riziki alichukua sinia lake, akaondoka na gari la kanisa bila kumsubiri mama, kwa hiyo nikampeleka mimi. Nilimpeleka wapi? Kwa Riziki huyohuyo, kulala chumba kilekile na wajukuu walewale mpaka majibu yatoke. Njiani nilimuuliza kama yuko sawa.

"Haya nimekula," akasema, akimaanisha aibu. "Sasa banipe nyumba."

Kamati ilichukua siku tisa. Nilipiga simu siku ya nne na ya sita, na siku ya tisa barua ikaja kwamba wamemkubali. Makaratasi yaliyobaki yakachukua wiki tano zaidi. Wiki hizo zote Riziki alimwekea mama chakula mezani bila neno. Mchungaji akahubiri Jumapili mbili mfululizo juu ya ukarimu, akitazama upande mmoja wa kanisa. Mama alikaa upande huohuo na kutoa sadaka kama kawaida. Bahati alinipigia mara moja, akaniuliza nimemlisha mama yake nini. Nikamwambia nilimwonyesha nyumba kumi na moja mlizotaka ninyi, na moja aliyotaka yeye. Alikata simu, lakini hakuzuia kitu.

Ninyi mnaoanza, jifunzeni hapo. Ulizeni mnunuzi akiwa peke yake, hata kama waliomleta wanaongea vizuri. Na kama kuna kuonana na kamati, mwambieni mapema nani aje na nani abaki nyumbani, na kwa nini, bila haraka. Na mkitafsiri, tafsirini. Mengine mtayaona wenyewe.

Siku ya funguo Bahati alikuwa na zamu, na magodoro hayajibebi. Nilipofika na goti langu nikamkuta Riziki chini ya jengo, amebeba godoro la futi tatu na nusu kichwani, kanga kiunoni, hajanuna wala hajacheka. Tulipandisha vitu kwa mafungu: godoro, sufuria mbili, sanduku la nguo, viti viwili. Nikauliza kama kuna viti vingine garini. Mama akasema viwili vinatosha, kimoja cha kukaa, na cha pili cha kuwekea mkoba.

Nilifanya ukaguzi wa mwisho. Nilifungua mabomba, nikawasha jiko, nikavuta maji chooni, nikamulika nyuma ya jokofu. Riziki alisimama katikati ya chumba cha kulala, anatazama kuta nne. Mama akamwonyesha mlango unavyofunga, akaufunga wakiwa ndani wote wawili, akaufungua tena. Nikasikia wakiongea chini chini, sikusikia nini. Walipotoka, Riziki alikuwa amemshika mama mkono.

Nilikaa kwenye kiti cha mkoba. Nilizoea kwamba siku ya funguo wakala ananyweshwa chai na kusimuliwa yaliyopita, na kwa kweli nilikuwa na njaa. Mama hakuwasha jiko. Alitushukuru kila mmoja kwa jina, akaniombea goti langu, akambusu Riziki shavu hili na hili. Kisha akafungua mlango na kuushikilia.

"Sasa muende," akasema. "Nataka kusikia iko namna gani."

Tukatoka. Mlango ulifungwa nyuma yetu, ufunguo ukageuka mara mbili. Tulisubiri lifti, Riziki na mimi. Nilidhani bado ana hasira nami, nikawa natafuta neno la kumtuliza. Lifti ikaja, tukaingia, ikaanza kushuka. Riziki alifungua kanga kiunoni, akaifunga upya, akatazama namba za ghorofa zikibadilika.

"Papa Erasto," akasema. "Ingine sawa hii, iko?"

Nikamwambia nyingine kama hiyo ipo, ghorofa ya pili, lakini dirisha lake linatazama maegesho ya magari.

Akafikiri mpaka milango ikafunguka.

"Magari haina neno," akasema.